Pampu ya Mazutu Isikukwamie Njiani: Mwongozo kwa Shoferi na Mwenye Gari wa Mbugangari

Lori limepanda kutoka Gisenyi na shehena ya bia, limefika Mukamira, shoferi amezima injini anunue viazi. Akirudi, stata inazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini injini haiwaki. Baada ya saa nzima, ikisha kupoa, inawaka kana kwamba hapakuwa na tatizo. Mmoja atamlaumu fundi wa umeme, mwingine atalaumu mwinuko. Mara nyingi mwenye lawama ni pampu ya mazutu (dizeli) ya presha kubwa, na ugonjwa wake ulianza siku nyingi kabla ya safari hiyo.

Kama hilo limekukuta, pampu imekuonya. Isiposikilizwa, siku moja itashika kabisa: plunja itaganda ndani ya ala yake, na gari litarudi nyumbani kwa kuvutwa. Mwongozo huu ni kwa shoferi, mwenye gari na fundi wa Mbugangari, pamoja na wote wanaopita hapa wakielekea Goma au wakirudi Kigali, Mombasa na Dar es Salaam. Lengo lake ni moja: pampu isifike huko.

Hali ya hewa ya Rubavu huwadanganya wengi. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upepo wa Ziwa Kivu unapuliza, usiku tunajifunika blanketi. Mtu hujiuliza joto la kuua pampu lingetoka wapi. Halitoki juani. Linatoka ndani ya pampu yenyewe, kwenye injini iliyo ubavuni mwake, na kwenye tenki lenye mazutu kidogo.

Pampu inalainishwa na nini

Ndani ya pampu kuna plunja, kijiti cha chuma kigumu kinachopanda na kushuka ndani ya ala yake bila kupumzika. Nafasi kati ya hivyo viwili ni mikromita 2 hadi 4. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Hakuna sili ya mpira hapo. Kinachozuia mazutu yasivuje ni ufinyu huo, na kinachozuia chuma kisigusane na chuma ni utando mwembamba wa mazutu yenyewe.

Kwenye pampu za mzunguko, na kwenye nyingi za komoni reli (aina hizi zinaelezwa hapa chini), oili ya injini haifiki kabisa. Mazutu ndiyo yanayolainisha kila kitu. Hata kwenye pampu ndefu za malori ya zamani, ambazo sehemu yake ya chini hupata oili, plunja hutegemea mazutu. Na ni mazutu hayohayo yanayobeba joto la pampu na kulirudisha kwenye tenki. Kwa hiyo ukiharibu mazutu, au ukiyapunguza, umeinyima pampu oili na maji ya kupoza kwa mara moja.

Joto likizidi, mambo matatu hutokea.

Kwanza, mazutu huwa mepesi kupita kiasi. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka mnato wa mazutu uwe kati ya milimita za mraba 2.0 na 4.5 kwa sekunde yakiwa kwenye nyuzi 40. Mazutu hayohayo yakifika nyuzi 80, mnato hushuka karibu nusu. Utando hukatika, chuma kikakwaruza chuma.

Pili, vyuma hutanuka bila kulingana. Ganda la pampu nyingi ni la alumini, na viungo vya ndani ni vya feleji. Kwa joto lilelile, alumini hutanuka karibu mara mbili ya feleji, na ikipoa hunywea kwa kiasi hicho. Mabadiliko ya ghafla huifanya nafasi ile ya mikromita chache itoweke.

Tatu, mazutu yanayopata moto na kupoa tena na tena hubadilika na kuacha gundi ya rangi ya kahawia, ngumu kama vanishi. Gundi hiyo hukamata plunja gari likilala. Ndiyo sababu pampu nyingine haikwami mlimani, hukwama asubuhi nyumbani baada ya siku tatu za kupumzika.

Haya yote yakianza, huendeshana yenyewe: msuguano huzaa joto, joto hupunguza utando, utando ukipungua msuguano huongezeka.

Ijue pampu yako kwanza

Hilux, Hiace na Land Cruiser za zamani zenye injini za 2L, 3L, 5L au 1HZ hutumia pampu ya mzunguko. Mabomba yake ya kwenda kwenye nozeli yamejipanga duara upande mmoja. Hii ndiyo inayoogopa zaidi maji baridi na ukavu, kwa kuwa kila kitu ndani yake kinaogelea kwenye mazutu.

Malori mengi ya zamani yana pampu ndefu ya mstari, yenye plunja moja kwa kila silinda. Ni ngumu, hustahimili mengi, lakini ina hatari yake: reki inayopima mazutu ikikwama ikiwa wazi, injini huvuma hadi kupasuka.

Actros za kizazi cha kwanza, zilizoanza kutoka mwaka 1996, zina pampu ndogo moja kwa kila silinda, imezamishwa kwenye bloku. Joto la bloku ndilo joto la pampu, hivyo rejeta mbovu huidhuru moja kwa moja.

Komoni reli ndiyo ya magari ya kisasa, kama Hilux zenye 1KD na malori mengi mapya. Presha yake hupita baa 1,000, na nyingine hufika 1,600 au zaidi. Mazutu yaliyobanwa hivyo kisha yakaachiwa kurudi kwenye tenki hurudi yamepanda joto kwa makumi ya nyuzi. Kadiri presha ilivyo kubwa, ndivyo tenki linavyopashwa moto.

Kanuni ya 1: Robo ya tenki haiguswi

Pampu huvuta mazutu mengi kuliko yanayochomwa. Yanayobaki hurudi yakiwa na moto. Tenki likijaa, lita 300 zinalimeza joto hilo na kulipoza kupitia bati la tenki kwenye upepo. Tenki likibaki na lita 30, mazutu yaleyale huzunguka kila baada ya dakika chache, yakizidi kupata moto kila yanaporudi. Watengenezaji wengi wana kikomo cha joto la mazutu yanayoingia kwenye pampu. Kwa injini nyingi za Cummins kikomo hicho ni nyuzi 70 na kidogo. Tenki karibu tupu kwenye mlima mrefu linaweza kukivuka.

Mlima tunao. Barabara kutoka Gisenyi kwenda Musanze hupanda kupitia Bigogwe hadi Mukamira, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na lori lenye mzigo huipanda kwa gia ndogo, mguu umekandamizwa, upepo ukiwa kidogo kwa kuwa mwendo ni mdogo. Hapo ndipo joto hukutana na tenki tupu.

Basi weka sharti: robo ya tenki ni mali ya pampu, si ya safari. Mshale ukigusa robo, unajaza. Na ukilaza gari, lijaze jioni, si asubuhi. Tenki tupu lina hewa, hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na baridi ya usiku huugeuza unyevu huo kuwa matone ya maji yanayotiririka chini ya tenki.

Kanuni ya 2: Chunga unachotia

Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha mazutu yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Lakini kazi ya kuondoa salfa kiwandani huondoa pia vitu vya asili vinavyoyafanya mazutu yateleze. Sweden ililijua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990: ilipoanza kuuza mazutu yenye salfa kidogo sana, pampu za mzunguko zilianza kufa mapema. Tangu hapo wauzaji huongeza dawa ya utelezi, na viwango vikaweka kipimo: chuma kikisuguliwa ndani ya mazutu kwenye nyuzi 60, kovu lisizidi mikromita 460. Mazutu ya kituo kinachoaminika yamepitia hapo. Ya bidoni hayana anayeweza kukuthibitishia.

Na Mbugangari, bidoni haliko mbali. Mpaka uko hatua chache, bei za pande mbili hazilingani, na mazutu hubadilisha mikono mara nyingi kabla ya kufika kwako. Baya zaidi linaloweza kuwemo ni mafuta ya taa. Mnato wake ni mdogo, mara nyingi chini ya ule mdogo kabisa unaokubaliwa kwa mazutu, na utelezi wake ni hafifu. Injini huwaka nayo vizuri, hata moshi hupungua, na hapo ndipo mtu hudanganyika, kwa sababu injini inafurahi wakati pampu inaliwa. Serikali za jirani zimepambana na uchanganyaji huu kwa kodi: Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili faida ya kuchanganya ipotee.

Ukilazimika kununua nje ya kituo, fanya vipimo hivi:

- Jaza chupa nyeupe ya kioo, iache saa moja juu ya meza. Mazutu mazuri ni angavu, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Ukungu ni dalili ya maji. Mstari chini ni maji au uchafu.
- Tumia kipima uzito cha kioo, kile kinachoelea. Mazutu huwa kati ya kilo 0.82 na 0.86 kwa lita kwenye nyuzi 15. Kukiwa na joto la nyuzi 25, kipimo hushuka kidogo sana. Mafuta ya taa huwa karibu 0.80 au chini. Kipimo kikionyesha chini ya 0.81, usinunue.
- Chuja kupitia kitambaa safi cha pamba, kamwe si soksi ya garaji. Ukiona chembe nyeusi, usisahau udongo wetu ni wa volkano: jiwe la Nyiragongo likisagika huwa vumbi gumu linalokwaruza chuma.

Watu humwaga oili chafu ya injini kwenye tenki wakisema inalainisha. Usifanye hivyo. Oili chafu ina masizi na vumbi la chuma, na kwenye komoni reli ni sumu. Mafuta ya kupikia nayo huganda na kuacha gundi. Ukitaka kuongeza utelezi, nunua dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na ufuate kipimo kwenye chupa.

Na mtu akikutilia lisansi (petroli) kwa makosa, usiwashe, na usigeuze hata ufunguo, maana kwenye magari mengi pampu ndogo ya umeme itaanza kuisukuma mbele. Sukuma gari pembeni, mwaga tenki lote, safisha, badilisha filita. Hasara ya lita 50 ni ndogo kuliko bei ya pampu.

Kanuni ya 3: Maji nje, hewa nje

Chini ya filita kuna kikombe cha kutenga maji chenye skrubu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kidogo, acha yatoke hadi yaje mazutu safi, funga. Ni kazi ya dakika mbili, na utingo anaweza kuifanya. Maji yakifika kwenye plunja, utando hukatika papo hapo na kutu huanza usiku huohuo.

Filita ibadilishwe kwa kilomita anazosema mtengenezaji, nyingi zikiwa 10,000 hivi. Kama unatumia mazutu ya bidoni mara kwa mara, kata nusu. Filita iliyoziba huifanya pampu ivute kwa nguvu na kupata kidogo, na pampu inayopata kidogo haina cha kuipoza.

Ukibadilisha filita ya komoni reli, usiijaze kwa kumwagia mazutu ya kopo kupitia tundu la katikati, kwa kuwa hayo huingia upande uliokwisha kuchujwa. Ifunge ikiwa tupu, kisha piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Mkono ukichoka, vumilia: kuzungusha stata kwa muda mrefu ukitafuta mazutu ni kuikausha pampu, nayo ikikauka hupata joto haraka sana. Zungusha kwa sekunde 15, pumzika dakika moja, rudia, na ukiona haiwaki baada ya mara tatu, rudi kwenye pampu ya mkono kutoa upepo.

Kuishiwa na mazutu njiani, kwa hiyo, si aibu tu ya shoferi. Ni jeraha.

Kanuni ya 4: Injini ikipoa vizuri, pampu itapona

Kwenye mwinuko wetu maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100, na kadiri unavyopanda ndivyo kiwango kinavyoshuka. Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta kinachoshika presha. Kifuniko kilicholegea ni tatizo Dar es Salaam, na ni janga Mukamira. Kibadilishe mpira wake ukipasuka. Usitoe thamostati kwa kudhani unasaidia. Hakikisha fenibelti imekaza na mapezi ya rejeta hayajajaa matope.

Ukipanda, teremsha gia mapema na uache injini izunguke kwa kasi ya wastani, badala ya kuilazimisha kwenye gia kubwa huku mguu umefika chini. Kuilazimisha huongeza mazutu kwa kila mpigo, joto na presha.

Ukifika juu, usizime papo hapo. Acha injini iendelee kuwaka kwa mwendo wa chini dakika tatu hadi tano. Ukizima ghafla, maji yanasimama, mazutu yanasimama, feni inasimama, na joto lote la kichwa cha injini linahamia kwenye pampu isiyokuwa na kitu cha kuipoza. Kwa dakika kumi na tano za mwanzo chini ya boneti huwa na moto kuliko ulipokuwa ukiendesha. Viazi vitasubiri dakika tano.

Kanuni ya 5: Usioshe pampu ya moto

Tazama magari yanayooshwa mjini siku ya Jumamosi. Gari limetoka Kigali, limesimama sasa hivi, boneti imefunguliwa, kijana ameshika bomba la presha na kulielekeza moja kwa moja kwenye injini. Mvuke unapanda. Mwenye gari anafurahi kuona alumini inang'aa. Ndani, ganda la pampu limenywea kwa ghafla, na feleji ya ndani bado iko na moto uleule. Nafasi imetoweka, rota imebanwa. Kama injini ilikuwa bado inawaka wakati huo, kipande cha ndani kinaweza kukatika hapohapo. Vitabu vya watengenezaji wa matrekta na injini, John Deere wakiwemo, vinakataza waziwazi kumwagia maji baridi au mvuke pampu iliyo na joto au inayozunguka.

Kanuni ni rahisi. Zima injini, subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya ganda la pampu ukahesabu hadi kumi bila kukitoa. Funika pampu kwa mfuko wa plastiki. Osha kwa maji yasiyo na presha, kwa brashi na sabuni. Na ukimwachia kijana gari, mwambie kabla hajafungua boneti: "Kijana wangu, injini usiiguse, nitakuita ikipoa."

Dalili za mapema, na maana yake

Kuna magonjwa mawili yanayofanana, na fundi asiyeyatenganisha atakula pesa yako.

La kwanza ni uchakavu. Gari huwaka vizuri asubuhi, likishapata moto na kuzimwa haliwaki hadi lipoe. Mazutu mepesi ya moto yanavuja pembeni mwa plunja iliyolika, na presha ya kufungua nozeli haifikiwi. Kwenye komoni reli injini huhitaji takriban baa 200 ili iwake. Mafundi wengi wana ujanja wa kuweka kitambaa chenye maji juu ya pampu, na gari likawaka. Ujanja huo, ukitumia kitambaa na si ndoo, na injini ikiwa imezimwa, unafaa kama kipimo: umethibitisha kwamba pampu imelika. Haukuiponya. Anayekuambia beba chupa ya maji uendelee na safari anakuahirishia tu gharama.

La pili ni kushika kwenyewe. Dalili zake ni hizi:

- Injini inachelewa kushuka mwendo ukiachia mguu, au inasita kati ya mwendo mmoja na mwingine.
- Nguvu inapotea mlimani baada ya nusu saa, na kurudi ukipumzika.
- Sauti kavu ya kugonga upande wa pampu, isiyokuwepo zamani.
- Chembe zinazong'aa ndani ya filita. Kata filita ya zamani kwa msumeno, kung'uta karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, pitisha sumaku. Chembe zikishikamana na sumaku, pampu inajila.

Dalili ya kwanza kwenye pampu ndefu ni ya kuogopwa kuliko zote. Reki ikikwama wazi, injini itavuma bila kusikia mguu wala ufunguo. Kama gari liko kwenye mwendo, liache kwenye gia kubwa, kanyaga breki, uibane injini hadi izimike. Kama limesimama, funga njia ya hewa kwa ubao au kitabu kinene, kamwe si kwa kiganja. Mtu mwingine afunge mazutu.

Ikishika njiani

1. Ondoa gari barabarani, weka pembetatu nyuma. Fungua boneti.
2. Subiri nusu saa hadi dakika 45 bila kuzungusha stata. Kila mzunguko kwenye chuma kilichoganda ni mkwaruzo mpya.
3. Wakati unasubiri, angalia vitu vya bei nafuu: mazutu yako kiasi gani, kikombe cha maji kimejaa, bomba la kurudishia limebanwa, kuna mahali hewa inaingia.
4. Toa upepo kwa pampu ya mkono. Kwenye komoni reli usilegeze bomba la presha injini ikizunguka. Mchirizi wa baa mia kadhaa hupenya ngozi bila kuuma sana, na jeraha linaloonekana dogo hugharimu kidole au mkono. Aliyepigwa aende hospitali mara moja, hata kama haumwi.
5. Ikiwaka, teremka polepole hadi garaji iliyo karibu. Usiendelee na safari ya Kigali.
6. Isipowaka, vutwa. Usiliwashe kwa kusukumwa kwa gia, maana shafti ya pampu au mkanda wa taimingi vinaweza kukatika. Na nyundo irudi kwenye sanduku.

Ukifika garaji

Fundi wa pampu mzuri utamjua kwa meza yake. Ikiwa pampu inafunguliwa juu ya gunia, karibu na mashine ya kusaga chuma, ichukue uondoke. Plunja na ala yake hutengenezwa pamoja. Haviazimani na vya pampu nyingine, na ndani ya pampu moja havibadilishani nafasi. Plunja haisuguliwi kwa msasa. Huoshwa kwa mazutu safi, na ikiinuliwa kidogo ndani ya ala iliyosimama wima, inatakiwa ishuke yenyewe taratibu kwa uzito wake. Ikisita, haifai.

Mwombe fundi atafute sababu kabla ya kufunga pampu mpya: presha ya pampu ndogo ya kusukuma, bomba la kurudishia, tenki, filita. Kwenye komoni reli, chembe zikikutwa, kubadilisha pampu peke yake ni kutupa pesa. Chembe zimekwisha kufika kwenye reli na nozeli, na zimerudi hadi kwenye tenki. Vyote husafishwa au hubadilishwa pamoja.

Kwa wenye jenereta

Umeme ukikatika, jenereta za hoteli na maduka huanza kunguruma. Nyingi zimefungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, na hurudisha mazutu kwenye tenki dogo la lita 20 ambalo kwa saa mbili huwa la moto. Elekeza bomba la kurudishia kwenye tenki kubwa lililo nje, na toboa njia mbili za hewa, ya kuingia na ya kutoka.

Wahandisi wa mitambo mikubwa inayochoma mafuta mazito, kama Kipevu kule Mombasa, wana kanuni inayotufaa sote: wanapobadilisha kutoka mafuta mazito yaliyopashwa moto kwenda mepesi, joto halibadilishwi zaidi ya nyuzi 2 hivi kwa dakika, ili plunja na ala vitanuke na kunywea pamoja.

Shoferi na bosi wakubaliane

Uchunguzi wa pampu iliyokufa mara nyingi humalizikia mahali ambapo spana haifiki. Bosi anaogopa kuibiwa mazutu, kwa hiyo anampimia shoferi lita za safari na si zaidi. Tenki linaishi karibu na sufuri. Shoferi akikwama kwenye foleni ya mpaka siku mbili, lita zinaisha, anajazia bidoni kwa pesa yake ya chakula, kwa muuzaji wa bei ya chini. Anayelipa ni bosi, lakini miezi sita baadaye, na kwa jina la pampu.

Dawa yake ni makubaliano ya maandishi. Robo ya tenki ihesabiwe kuwa kifaa cha gari kama tairi la akiba: ipo siku gari linapokabidhiwa, ipo siku linaporudishwa, na hupimwa kwa kijiti mbele ya wote wawili. Shoferi apewe pesa ya dharura ya kununua kwenye kituo, na alete risiti. Daftari la gari liandikwe tarehe ya filita, kituo mazutu yalikonunuliwa, na kila siku gari lilipokataa kuwaka likiwa na moto. Filita ya zamani isitupwe hadi bosi ameiona ikikatwa.

Bosi akikataa, shoferi ampigie hesabu ya siku ambazo lori halikwenda safari likisubiri pampu, aiweke kando ya bei ya lita za robo tenki. Lita hizo hununuliwa mara moja tu, baada ya hapo hubaki humohumo.